Saa za Kompyuta Zinapobishana, Nani Ataaminiwa?

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu unayenisoma gazetini, wiki hii naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo ukilitazama haraka utaliona halina uzito wowote. Ni ile saa ndogo iliyo pembeni mwa kioo cha kompyuta ya ofisini. Wengi wetu huitupia jicho mara moja tu kwa siku, nayo ni jioni, ili kujua kama wakati wa kwenda nyumbani umefika.

Miaka michache iliyopita saa hiyo ndogo ilikaribia kumfukuzisha kazi mama mmoja ninayemfahamu.

Ilikuwa ofisi ya biashara ya kawaida hapa mjini. Ilikuwa na kompyuta zipatazo ishirini zilizounganishwa pamoja, seva moja ya mahesabu, na kamera ya ulinzi mlangoni. Ijumaa moja ankara ya mteja, tena ya fedha nyingi, ilifutwa katika mahesabu. Jumatatu meneja akafungua kumbukumbu za seva. Zilionyesha kuwa ankara ile ilifutwa saa 10 na dakika 49 jioni, kutoka kwenye kompyuta ya karani wa fedha na kwa jina lake. Karani akaapa kwamba wakati huo alikuwa amekwisha kuondoka. Ikatazamwa kamera. Kamera ilimwonyesha akitoka mlangoni saa 10 na dakika 58.

Basi, wakasema, kumbe alikuwa ndani! Dakika tisa zinatosha kabisa kufuta ankara, kuchukua mkoba na kutoka. Mama wa watu akakabidhiwa barua ya kusimamishwa kazi siku hiyo hiyo.

Aliyemwokoa ni fundi aliyeitwa kuja kutoa nakala ya picha za kamera kwa ajili ya kikao cha nidhamu. Fundi huyu aliona kuwa saa ya kamera hailingani na ya simu yake. Hakuigusa. Alichukua karatasi na kuandika, kwa wakati mmoja, kamera inasema saa ngapi, seva inasema saa ngapi, na saa ya kweli ni ngapi. Kamera ilikuwa mbele kwa dakika 3. Seva ilikuwa nyuma kwa dakika 14.

Sasa ndugu msikilizaji, tupige hesabu pamoja. Kamera ilisema mama alitoka saa 10 na dakika 58. Ondoa 3, utapata saa 10 na dakika 55. Seva ilisema ankara ilifutwa saa 10 na dakika 49. Ongeza 14, utapata saa 11 na dakika 3. Kwa hiyo ankara ilifutwa dakika nane baada ya karani kutoka. Mtu mwingine alikuwa ameketi mbele ya mashine ambayo karani aliiacha wazi.

Barua ikafutwa, karani akarudi kazini, ingawa alionywa kwa kuiacha mashine yake wazi, na onyo hilo lilikuwa halali. Je, ni nani aliyeifuta ankara? Hadi leo haijulikani. Watu wanne walikuwa bado ofisini, na kumbukumbu za kompyuta zao zingeweza kusaidia kuonyesha nani alikuwa kwenye kiti chake wakati huo na nani hakuwapo. Lakini kijana mmoja mwenye bidii, baada ya kusikia habari ya saa, alikuwa amezipitia mashine hizo nne na kuzirekebisha zote bila kuandika popote tofauti alizozikuta. Ushahidi ukapotea kwa nia njema.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu nataka tuelewane juu ya neno moja. Saa ya kompyuta ni shahidi. Kila barua inayotumwa, kila hati inayofutwa, kila risiti inayotoka, kila mtu anayeingia kwa neno lake la siri, saa hiyo hutia sahihi yake. Ofisi yenye kompyuta ishirini ambazo kila moja ina saa yake ina mashahidi ishirini ambao hawajawahi kukubaliana hata siku moja.

Pengine utauliza, je, kompyuta si mashine ya hesabu? Inakuwaje ishindwe kuhesabu sekunde?

Ndani ya kompyuta kuna kipande kidogo cha jiwe liitwalo kwatzi. Jiwe hilo likipitishiwa umeme hutetemeka, na katika saa nyingi hutetemeka mara 32,768 kwa kila sekunde. Mashine huhesabu mitetemo hiyo, na hesabu ikifika idadi hiyo, sekunde moja imepita. Ni jiwe la namna hiyo hiyo lililomo katika saa za mkononi za bei rahisi. Kompyuta inapozimwa, betri ndogo mfano wa sarafu huendelea kuliendesha. Mashine ikiwashwa, huisoma saa hiyo ya betri, kisha programu kuu huendelea kuhesabu yenyewe kwa jiwe jingine la aina hiyo.

Taabu ni kwamba hakuna mawe mawili yanayotetemeka sawasawa. Jiwe la kawaida linaweza kukosea sehemu 20 kwa kila milioni moja, na joto la chumba nalo huongeza au hupunguza. Sehemu 20 kwa milioni ni kama si kitu. Lakini siku moja ina sekunde 86,400, kwa hiyo kosa hilo ni sekunde 1.7 kwa siku. Kwa mwezi ni karibu sekunde 52. Iache mashine kwa mwaka mmoja na miezi minne bila kuiangalia, na utapata dakika 14, kosa kama lile la seva ya ofisi ile. Hapakuwa na hujuma wala ubovu. Mashine ilisahauliwa tu.

Hapo bado hatujataja betri. Betri hiyo ikifa, kila umeme unapokatika na mashine kuzimika, saa hurudi nyuma miaka mingi, mpaka tarehe ya kiwandani. Asubuhi unaifungua kompyuta, nayo inakuambia kuwa uko mwaka ambao mwanao aliye sekondari alikuwa hajazaliwa. Ukijaribu kufungua ukurasa wa benki kwenye intaneti, unakataliwa, kwa kuwa vyeti vya usalama vya kurasa hizo vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kwa hesabu ya kompyuta yako cheti hicho bado hakijaanza kutumika. Wako watu waliopeleka mashine nzima kwa fundi kwa sababu ya betri ambayo bei yake haifiki ya chakula cha mchana.

Madhara mengine hayapigi kelele. Wafanyakazi wawili wanaitengeneza orodha moja ya bei. Mmoja amemaliza saa nne, mwingine akaisahihisha saa nne na robo. Lakini mashine ya yule wa kwanza iko mbele kwa dakika 20, kwa hiyo nakala yake inaonekana ndiyo mpya. Programu ya kuhifadhi kumbukumbu inachukua hiyo, na masahihisho yote yanapotea. Asubuhi wateja wanauziwa kwa bei ya zamani, na lawama zinaanza.

Vilevile, katika ofisi nyingi mtu anapoingia kwenye kompyuta huthibitishwa kwa utaratibu uitwao Kerberos. Utaratibu huo, kwa kawaida, haukubali mashine ambayo saa yake imetofautiana na ya seva kwa zaidi ya dakika tano. Lengo ni kuzuia mwizi aliyenasa ujumbe wa zamani asiutumie tena. Lakini mashine yako ikichelewa dakika sita, nawe unakataliwa kama mwizi, japokuwa neno lako la siri ni sahihi. Umelibadilisha mara tatu na bado hakuna kinachofunguka. Mlaumu nani?

Na kama jambo likifika mahakamani, mambo huwa mazito zaidi. Hapa Tanzania Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kompyuta kuwa ushahidi, lakini inataka pia kutazamwa kama namna zilivyotengenezwa na kutunzwa inaaminika. Wakili wa upande wa pili akikuuliza, “Saa ya mashine hii ililinganishwa lini na saa ya kweli?” utajibu nini?

Ndugu msikilizaji, tatizo hili lilikuwapo kabla ya kompyuta. Mwaka 1836, jijini London, mtumishi mmoja wa kituo cha kuchunguza nyota cha Greenwich aliyeitwa John Henry Belville alianza kazi ya kupeleka saa sahihi kwa wateja mjini. Alikuwa na saa ya mfukoni iliyotengenezwa na fundi John Arnold, na saa yenyewe ikaitwa Arnold. Alipofariki mwaka 1856 mjane wake Maria aliendelea na kazi hiyo, na tangu mwaka 1892 ikashikwa na binti yao Ruth. Ruth Belville alikuwa akienda Greenwich, saa yake inalinganishwa na saa kuu, anapewa hati ya kuonyesha imetofautiana kwa kiasi gani, kisha anazunguka mjini kwa wenye maduka ya saa na wengineo waliomlipa ili waitazame. Kazi hiyo aliifanya hadi karibu mwaka 1940.

Utaratibu wake ulikuwa wa busara. Wateja wale hawakulinganisha saa zao wao kwa wao, maana wangebishana mpaka jua litue. Wote waliifuata saa moja, na saa hiyo nayo iliifuata saa kuu. Wahenga wetu walikwisha kusema, manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Baadaye ikaja kazi yetu sisi watu wa redio. Mwezi Februari mwaka 1924 shirika la BBC lilianza kurusha ile milio sita ya kutangaza saa, na tangu hapo watu wengi duniani wamezoea kurekebisha saa zao kwa redio kabla ya taarifa ya habari. Lakini leo ukiisikiliza redio kwa njia ya intaneti, milio hiyo hukufikia imechelewa kwa sekunde kadhaa. Mtangazaji hakukosea. Sauti imechelewa njiani. Hilo ndilo fumbo lililowakabili wataalamu walipotaka kompyuta ziulizane saa: jibu linapofika, tayari limechakaa.

Aliyelifumbua fumbo hilo ni profesa David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, aliyefariki Januari mwaka 2024. Mwaka 1985 ulichapishwa utaratibu wake unaojulikana kwa herufi NTP, yaani itifaki ya muda ya mtandao. Umeboreshwa mara kadhaa, na toleo lake la nne lilitolewa mwaka 2010. Unafanya kazi hivi.

Tuseme kompyuta yako inatuma swali kwa seva wakati saa yake inasema saa nne kamili. Seva inalipokea swali na kulijibu papo hapo, wakati saa ya seva inasema saa nne na sekunde 6. Jibu linafika kwako wakati saa yako inasema saa nne na sekunde 2. Kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi imechukua sekunde 2. Kompyuta yako inachukulia kuwa nusu ni ya kwenda na nusu ni ya kurudi. Basi jibu limekaa njiani sekunde moja, na saa ya seva sasa imefika saa nne na sekunde 7. Yako ni saa nne na sekunde 2. Umechelewa kwa sekunde 5. Kwa mfano nimetumia sekunde nzima. Katika mtandao wa kweli safari hiyo ni ya vipande vidogo vya sekunde, na swali hurudiwa tena na tena ili kupata wastani mzuri. Kwa njia hii mashine za ofisi moja zinaweza kupatana kwa tofauti ya milisekunde chache tu, na milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Jambo la pili ni ngazi. Juu kabisa ziko saa zenyewe za kutegemewa, kama saa za atomu, au kipokezi cha setilaiti za GPS, ambazo hubeba saa za atomu angani. Seva iliyounganishwa moja kwa moja na saa ya namna hiyo huitwa ya ngazi ya kwanza. Inayoifuata hiyo ni ya ngazi ya pili, na kuendelea. Ndiyo njia ya Ruth Belville: Greenwich, kisha Arnold, kisha mteja.

Jambo la tatu ni subira. Kosa likiwa dogo, programu haiirushi saa ghafla. Huiharakisha au huichelewesha kidogo kidogo mpaka ilingane. Sababu ni kwamba saa ikirudishwa nyuma ghafla, risiti iliyotoka mwanzo itaonekana imetoka baada ya ile iliyoifuata. Na kosa likizidi sekunde 1,000, yaani dakika 16 na sekunde 40, programu ya NTP iliyozoeleka husimama na kukataa kazi, ikitaka binadamu aje kutazama kulikoni. Nadhani hata binadamu wengi hawana adabu hiyo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mwenye ofisi afanye nini?

Kwanza, kagua kabla hujarekebisha. Pita kwenye kila mashine: kompyuta, seva, kamera, mashine ya kuandikisha mahudhurio, mtambo wa simu. Andika kila moja imetofautiana kwa kiasi gani na saa ya kweli, na tarehe ya ukaguzi. Karatasi ile ya fundi ndiyo iliyomrudisha mama yetu kazini.

Pili, teua mashine moja, au mbili kama uwezo upo, kuwa saa ya ofisi. Hiyo ndiyo itakayouliza nje. Iulize zaidi ya sehemu moja, na nne ni idadi nzuri. Ukiuliza sehemu mbili na zikatofautiana, huwezi kujua ipi ni ya kweli. Ukiuliza nne, inayokosea itaonekana peke yake. Upo mkusanyiko wa seva za kujitolea ulioanza mwaka 2003, uitwao pool.ntp.org, na hautozi ada. Pale ambapo intaneti hukatika mara kwa mara, kipokezi cha GPS chenye antena juu ya paa kinaweza kufanya kazi hiyo.

Tatu, mashine nyingine zote ziifuate saa ya ofisi, na kamera zisisahauliwe. Mwambie fundi wa mtandao aufungue mlango namba 123 wa UDP, maana maswali ya saa hupita hapo. Mara nyingi mlango huo umefungwa, na mashine huuliza kwa miezi mingi bila kujibiwa na bila kulalamika.

Nne, angalieni majira. Saa zinazopita mtandaoni ni za ulimwengu, na sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele yake kwa saa tatu. Mtu akiona mashine iko nyuma kwa saa tatu, asisukume saa mbele. Aiambie mashine kuwa iko Afrika Mashariki. Akisukuma, itarudi pale pale ikishaulizia. Na nimewahi kuona kosa ambalo ni letu wenyewe Waswahili: kijana ameambiwa weka saa nne asubuhi, naye akaandika 4:00. Mashine haijui kuwa sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza. Saa nne yetu ni 10:00 kwake. Ofisi ile iliishi saa sita nyuma kwa siku nzima.

Tano, mpe mtu mmoja jukumu hilo kwa jina, azikague saa kila mwezi na kutia sahihi katika daftari. Betri zilizokwisha zibadilishwe. Jambo la wote huwa halina mwenyewe.

Najua yuko meneja atakayesema, “Dakika chache zina nini? Sisi tunauza saruji, hatuongozi ndege.” Ndugu meneja, nakubali kuwa saruji haiozi kwa kuchelewa dakika kumi na nne. Lakini siku utakapoketi kitini kumhukumu mfanyakazi wako kwa karatasi iliyotolewa na kompyuta, ujue kuwa dakika kumi na nne zinatosha kumwita mwaminifu mwizi. Mwizi naye atakuwa ameketi pembeni, akitikisa kichwa kwa masikitiko pamoja nanyi.

Gharama ya kuzuia hayo ni siku moja ya fundi na betri chache. Hakuna programu ya kununua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kesho asubuhi, kabla ya chai, fanya jaribio moja. Itazame saa ya kompyuta yako, kisha ya jirani yako, kisha ya kamera ya mlangoni, na uziandike zote tatu kwenye kipande cha karatasi. Kama zinalingana, mshukuru fundi wenu. Kama hazilingani, usizirekebishe bado. Peleka karatasi hiyo kwa bosi wako, na umwombe aisome polepole.

Hadi wiki ijayo, nawatakia kazi njema.